Baba, Hapo Hujafuta



Ndugu msomaji, kila zinapokaribia likizo za mwisho wa mwaka, safu hii hupokea swali la namna moja kutoka kwa wazazi: watoto tuwapeleke wapi, na tuwafanyie nini, ili siku zao zisimalizikie mbele ya runinga na simu? Mara nyingi nimejibu kwa maneno ya jumla. Juma hili nitajibu kwa kisa cha safari yangu mwenyewe, ingawa ndani yake imo sehemu moja isiyonipamba. Nilimwuliza mama watoto kama sehemu hiyo niiandike au niiruke. Akanijibu kwamba nikiiruka, basi heri niandike juu ya jambo jingine.

Binti yetu wa pili ana miaka 17. Desemba iliyopita alikuwa amekwisha kufanya mtihani wa kidato cha nne, anangojea matokeo. Nilipokaa kuhesabu, niliona kwamba katika miaka yake minne ya sekondari mimi na yeye hatukupata kukaa pamoja siku moja nzima. Asubuhi nilimwachia nauli mezani. Usiku nilimkuta amelala. Nilimjua kwa ripoti za shule na kwa maneno ya mama yake. Mzazi anayemjua mwanawe kwa kuhadithiwa hana tofauti kubwa na jirani.

Marehemu mama yangu alizaliwa Konde, kaskazini ya kisiwa cha Pemba, na mdogo wake wa kike angali hai huko. Kumtembelea ni haki yake juu yetu, na haki hiyo nilikuwa nimeichelewesha kwa miaka sita. Binti alikuwa hajapata kuiona Pemba kabisa. Basi tukakubaliana kwamba mama yake abaki Dar es Salaam na wadogo, na sisi wawili twende tukaunge udugu. Tulivuka hadi Unguja, tukalala huko usiku mmoja, kisha tukapanda chombo cha Pemba na kushuka katika bandari ya Mkoani.

Wako wengi wa Bara ambao wakilisikia jina la Pemba hukumbuka habari za uganga, au humkumbuka mwenye duka wa mtaani kwao, lakini kisiwa chenyewe hawakijui. Waarabu wa zamani walikiita Al-Jazira al-Khadhraa, yaani Kisiwa cha Kijani, na jina hilo bado linakifaa. Kina urefu wa kilomita 67 hivi, na kiko kiasi cha kilomita 50 kaskazini ya Unguja. Ni nchi ya vilima na mabonde. Barabara hupanda penye mikarafuu na minazi, ikashuka penye mpunga, ikapanda tena. Na ukifika juu ya kilima, mara huiona bahari imepenya ndani ya nchi kavu kwa hori zilizozungukwa na mikoko.

Tulifikia Chake Chake kwa binamu yangu. Jamaa wa kuwatembelea walikuwa wametapakaa, mmoja Pujini, wengine Konde, na daladala zina njia zake na saa zake. Gari la kukodi lilizidi uwezo wangu. Binamu akasema, "Kwa nini usikodi vespa? Yuko mzee mmoja jirani anayo." Watu wa Visiwani huita vespa kila pikipiki ndogo yenye bapa la kuwekea miguu mbele ya kiti, iwe imetoka kiwanda gani. Leseni ya pikipiki ninayo tangu ujana wangu, nikaona wazo hilo ni jema.

Mzee yule hakuwa na ofisi wala kibao. Aliitoa vespa ya rangi ya buluu uani kwake, akaipangusa, kisha akatuonyesha kasoro zake kabla hatujauliza: mkwaruzo wa ubavu wa kushoto, ufa mdogo wa zamani karibu na taa ya nyuma, na honi ambayo hulia ikipenda. Hilo lilinifurahisha sana, kwa sababu mwenye kuificha aibu ya bidhaa yake huiondolea baraka biashara yake kwa mkono wake mwenyewe. Nami nikafanya mambo ambayo nakusihi, ndugu msomaji, uyafanye kabla ya kukodi chombo chochote cha magurudumu mawili. Nilizibana breki zote mbili, ya mbele na ya nyuma. Niliwasha taa zote. Niliangalia matairi kama hayajawa kipara, nikatazama kiasi cha mafuta, kadi ya chombo na bima. Kisha tukaandika karatasi yenye idadi ya siku, ambazo ni mbili, bei tuliyoafikiana, saa ya kurudisha, ambayo ni kabla ya Isha ya siku ya pili, na kwamba atakayeharibu atatengeneza. Binamu akawa shahidi. Katika Suratul Baqara tumeelekezwa kuyaandika madeni na kuyashuhudishia. Basi wale wanaoona haya kuandikiana kwa kuwa "sote ni ndugu" waone haya kwa jambo jingine, si kwa hilo.

Mzee aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akasema, "Karatasi hii ni ya mimi na wewe. Chombo ni amana."

Nikamjibu, "Inshaallah, mzee wangu, amana itarudi kama ilivyo." Nililitamka neno hilo kwa wepesi, kwa kuwa nimelizungumza katika mihadhara na katika safu hii mara nyingi mno.

Kofia ya kinga alikuwa nayo moja tu. Nilikataa kuondoka mpaka ilipopatikana ya pili, ambayo binamu aliiazima kwa jirani. Nayataja haya kwa sababu nimekwisha kuona baba amevaa kofia, na nyuma yake mke na mtoto mchanga vichwa wazi, kana kwamba barabara humchagulia mtu wa kuumia.

Liko na jambo la mavazi, ambalo mimi nilifundishwa na binti. Baibui pana na ncha za mtandio zinazopeperuka ni hatari juu ya pikipiki. Kitambaa kikinaswa na gurudumu humvuta mpandaji chini, na kikiwa kimezunguka shingo huweza kuondoa uhai. Yeye alivaa suruali pana, juu yake gauni lililoshuka chini ya magoti, akafunga ushungi mdogo wa kubana usio na pini, ncha zake akazichomeka ndani ya gauni. Kofia ya kinga ikakaa juu ya ushungi sawasawa. Akakaa kwa kupitisha miguu pande mbili, si kwa kuinamisha upande mmoja. Stara ilitimia, na usalama ulitimia. Wanaodai kwamba mawili hayo hayakutani huenda hawajajaribu.

Siku ya kwanza tulikwenda Pujini, kiasi cha kilomita kumi kusini mashariki ya Chake Chake. Baada ya kumwamkia shangazi na kunywa chai yake, tulikwenda kuyaona magofu ya ngome ya Mkama Ndume, mtawala wa karne ya 15 ambaye ukali wake haujasahauliwa na wenyeji hadi leo. Handaki na boma bado vinaonekana chini ya miti. Wenyeji husimulia kwamba mtawala huyo alikuwa na wake wawili wasioelewana, akajenga ukuta ndani ya kisima ili kila mmoja achote upande wake asimwone mwenziwe.

Binti alisikiliza kisa hicho mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, aliona rahisi kujenga ukuta ndani ya kisima kuliko kukaa kitako akazungumza nao."

Nilicheka. Lakini tulipokuwa njiani kurudi niliyafikiri maneno yale, nikaikumbuka nauli ninayoiacha mezani kila asubuhi.

Ndugu msomaji, siri ya kukitembelea kisiwa kwa vespa ni kwamba chombo hicho hakikupi ukubwa wowote. Mwendo wetu ulikuwa kilomita 30 kwa saa, tukizidisha sana 40. Mtu aliye ndani ya gari lililofungwa vioo hupita mbele ya baraza la wazee kama aliyewakasirikia. Sisi tulipita kwa salamu, na salamu zikarudi. Watoto watokao chuoni na misahafu yao vifuani walitukimbilia. Na tulipopotea njia, mwanamke mmoja aliyekuwa akisuka makuti aliacha kazi yake, akatusindikiza hadi njia panda. Vilevile harufu hukufikia kabla ya kitu chenyewe. Tulizijua karafuu kabla hatujaziona.

Ulikuwa msimu wa kuchuma. Katika vijiji vingi karafuu zilikuwa zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara, nyingine zikiwa bado za kijani na nyekundu, nyingine zimekwisha kuiva kwa jua na kuwa za hudhurungi. Karafuu huchumwa kabla ya ua kufunguka. Zikicheleweshwa thamani hupotea, na mvua ikizikuta juu ya jamvi kazi ya siku kadhaa huharibika. Nilimweleza binti jinsi zao hilo lilivyoenezwa visiwani katika karne ya 19, zama za Sayyid Said bin Sultan, na jinsi tufani ya mwaka 1872 ilivyoing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja na kuisalimisha ya Pemba, hata tangu hapo Pemba ikawa ndiyo ghala la karafuu. Akaniambia nipunguze mwendo zaidi ili magurudumu yetu yasirushe vumbi juu ya majamvi ya watu. Nilitii. Siku hiyo nilikuwa bado mtu wa kutii.

Siku ya pili tulielekea kaskazini. Tulipumzika kwanza Kidike, mahali ambapo popo wa Pemba hulala mchana wakining'inia juu ya miti kwa mamia. Popo hawa wakubwa, ambao mabawa yao yakikunjuliwa huweza kufikia mita moja na nusu, hawapatikani porini popote duniani ila kisiwani humo. Mwishoni mwa karne ya 20 walikuwa wamebaki wachache sana kwa sababu ya kuwindwa na kukatwa misitu, mpaka wanavijiji walipokubaliana kuyalinda malalo yao, na idadi yao ikainuka tena. Tuliwatazama kwa muda mrefu. Nilimwambia binti kwamba watu wa hapa walikuwa karibu kukipoteza kitu ambacho hawakukiumba na wasingeweza kukirudisha. Akauliza, "Yaani nacho kilikuwa cha kukodi?" Nikamwambia ndiyo, unaweza kusema hivyo.

Kutoka hapo hadi Konde ndipo alipoanza kuzungumza. Kwenye vespa watu wawili hawatazamani usoni, na pengine hiyo ndiyo sababu. Aliniinamia sikioni, akaniambia kwamba mtihani wa hisabati aliuacha nusu. Kwamba hataki kusoma udaktari, ambao mimi nimekuwa nikiwatangazia jamaa kwa miaka mitatu. Kwamba angependa kuwa mwalimu wa watoto wadogo. Na kwamba mama yake analijua jambo hili tangu Ramadhani. "Wewe nilikuogopa," alisema. Sikusimamisha chombo. Nilimjibu kwamba amefanya vizuri kuniambia, na kwamba mbele yangu hana haja ya kuficha kitu. Naomba uyakumbuke maneno yangu hayo.

Bibi alitupokea kwa machozi na kwa chungu cha wali wa nazi. Alimshika binti mashavu, akasema hiyo ni sura ya dada yake iliyorudi. Tukala, tukaswali Adhuhuri, na bibi akatuwekea shokishoki ndani ya kikapu. Kutoka Konde hadi msitu wa Ngezi si mbali, na njia iingiayo humo hupita chini ya miti mirefu ambayo jua hulichuja kama chujio la chai. Ukitokeza upande wa pili, upo ufukwe wa Vumawimbi, mchanga mweupe usio na nyumba karibu, na mawimbi yanayolitimiza jina lake. Tulikaa hapo kupita kiasi. Tulipoangalia saa Alasiri ilikuwa imekwisha kuingia zamani. Tukaswali hapo hapo juu ya mchanga, tukaondoka.

Sasa nilikuwa na haraka. Karatasi ilisema kabla ya Isha, na Chake Chake ilikuwa mbali. Penye njia ya mchanga kabla ya kurudi msituni, binti alisema, "Baba, taratibu, mbele kuna mchanga mwingi." Nikamjibu, "Nauona." Ni kweli niliuona, ila sikupunguza mwendo. Gurudumu la mbele lilizama, usukani ukanitoka mikononi, vespa ikapanda juu ya mzizi na kulala ubavu, na sisi pamoja nayo.

Alhamdulillah, mwendo haukuwa mkubwa sana. Yeye alichubuka kiganja, mimi goti, na kofia yake ya kinga ilipata mkwaruzo ambao bila ya kofia ungekuwa wa kichwani. Tuliosha majeraha kwa maji ya chupa. Kisha nikainua vespa, nikainama kuitazama. Juu haikuwa na alama mpya. Lakini chini, kwenye mfuniko wa plastiki wa tumbo lake, palikuwa na ufa mrefu kama kiganja cha mkono, mahali ambapo mtu haoni mpaka apige magoti.

Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta tope na mchanga. Nilifuta kiti, nikafuta ubavu, nikafuta taa. Nilipofika pale penye ufa, mkono wangu ulipita pembeni. Tope la pale nikaliacha, tena, Allah anisamehe, nikalisawazisha kidogo kwa kidole likauziba ufa. Sikuwa nimeamua kusema uongo. Nilijiambia tu kwamba ni tope, na tope ni jambo la kawaida kwa chombo kitokacho safari.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Baba, hapo hujafuta."

Hakulisema kwa ukali, na sidhani kwamba alikusudia kunifundisha. Alikuwa amesimama na kiganja chake kilichochubuka, ananionyesha mahali nilipopasahau, kama anavyomwonyesha mama yake pembe ya chumba iliyokosa ufagio. Nilingoja kidogo, kisha nikafuta. Ufa ukaonekana wote.

Njia yote ya kurudi hatukuzungumza. Nilikwenda taratibu, na kila kilima kilikuwa kirefu kuliko asubuhi. Niliwazia mihadhara. Niliwazia aya ya 58 ya Suratun Nisaa, inayotuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe, na mara ngapi nimeieleza kwa mifano ya viongozi wa nchi na fedha za umma, mifano iliyo mbali na goti langu. Na niliwazia kwamba saa chache kabla yake nilikuwa nimemwambia mtoto huyu asinifiche kitu.

Tuliswali Magharibi mjini, tukafika kwa mzee giza limeanza kuingia. Taa ya mlangoni kwake ilikuwa hafifu. Aliizunguka vespa mara moja, akasema, "Alhamdulillah, mmerudi salama," akanyoosha mkono apewe ufunguo. Nakiri mbele yako, msomaji, kwamba hata hapo moyo ulinong'ona: amekwisha kuangalia, ameridhika, wewe umemzuia nini?

Nikasema, "Mzee wangu, naomba ulete taa uangalie tena. Tulianguka Vumawimbi, na chini kuna ufa ambao ni wetu."

Alileta tochi, akapiga magoti kwa taabu, kwa kuwa si kijana. Aliupitishia kidole, akatikisa kichwa. Kisha akaelekeza mwanga pembeni na kusema, "Na hili mkwaruzo la huku?" Nikamwambia hilo silijui. Akasema, "Kweli, hilo la zamani, nilikuwa nakupima." Alitaja gharama ya fundi wa kuushona ufa kwa waya, wala hakuisamehe wala hakuizidisha, nami nikalipa papo hapo. Nilipokwisha kulipa alisema, "Ni mwaka wa tatu nakodisha. Wengi hupenda kurudisha usiku. Wewe ni wa kwanza kuniomba taa."

Ilikuwa rahisi kunyamaza na kuichukua sifa hiyo. Nikamwambia, "Taa hii aliitaka huyu binti, si mimi." Mzee akamtazama, akamwombea dua. Binti akainamisha uso, akaanza kumvulia kofia ile ya kuazima.

Ndugu msomaji, maisha yetu ya mjini yamejaa vitu vya kukodi na vya watu. Nyumba ya kupanga, kiti cha daladala, gari la kazini, kitabu cha maktaba, baiskeli ya jirani, chumba cha wageni tunachoacha bomba likivuja kwa kuwa kesho tunaondoka. Vitu hivi vina upande wa juu unaotazamwa na upande wa chini usiotazamwa. Upande wa juu hutunzwa na kila mtu, kwa kuwa humo imo heshima yake. Uaminifu hujulikana kwa ule wa chini. Na watoto wetu, ambao tunadhani wanasikiliza mawaidha yetu, mara nyingi husimama nyuma yetu wakitazama mkono wa kitambaa unapita wapi.

Kwa hiyo, wewe unayeuliza watoto tuwapeleke wapi, jibu langu ni hili. Ukijaaliwa, wapeleke kwa jamaa zao, na uende nao kwa mwendo wa taratibu unaoruhusu salamu. Kama ni kwa pikipiki, basi mwenye leseni aendeshe, kila kichwa kiwe na kofia, nguo zichomekwe, mchanga uonywapo uuamini, na jioni isikukute mbali ukalazimika kukimbia. Usisahau karatasi ya makubaliano. Na jiandae kwamba katika safari kama hiyo mtoto naye atakujua, si wewe tu utakayemjua.

Matokeo yalipotoka Januari, hisabati ilikuwa kama alivyoiogopa. Safari hii hakumtuma mama yake. Alikuja mwenyewe sebuleni, akaketi karibu nami, akaiweka simu mezani na kuisogeza mbele yangu, masomo yote yakionekana, hakuna alilolifunika kwa kidole.

Sasa anasomea ualimu. Allah atujaalie kuwa wenye kuzirudisha amana kama zilivyo, na penye ufa atupe ujasiri wa kuomba taa.